Muuaji Si Zimwi: Mafunzo Kutoka kwa Mtafiti wa Mauaji na Uhalifu wa Chuki



Utangulizi

Ndugu msomaji, kila mwanafunzi wa falsafa hukutana mapema na swali la uovu. Ikiwa binadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, inakuwaje akainua mkono kumuua mwenzake ambaye hajamkosea lolote? Mtakatifu Augustino anatufundisha kwamba uovu hauna uwepo wake wenyewe, bali ni upungufu wa wema uliopaswa kuwapo. Fundisho hilo ni la kweli, lakini linatuachia kazi. Upungufu huo unamwingiaje mtu wa kawaida, mwenye ajira, familia na majirani? Unapitia mlango gani?

Katika makala hii tunalipeleka swali hilo kwa mwanasosholojia wa Marekani, Jack Levin, aliyefundisha kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Northeastern, mjini Boston. Levin ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya usomi kuchunguza mauaji na uhalifu wa chuki. Tutaeleza kwanza safari ya utafiti wake, kisha mambo mawili makuu aliyoyaonesha, na baadaye tutayapima kwa mwanga wa falsafa. Mwishoni tutajiuliza yanatuhusu nini sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji wa watu katika ukanda huu wa Afrika.

1. Safari ya mtafiti

Levin hakuanza na maiti wala na mahakama. Alianza na maoni ya watu. Kitabu chake cha mwaka 1975 kilihusu kazi ambazo ubaguzi humfanyia mtu anayeushikilia. Watu wengi hudhani kwamba mbaguzi ana ujinga tu, na kwamba ukimpa elimu ubaguzi utakwisha. Levin aliuliza swali gumu zaidi: ubaguzi unampa mtu faida gani hata asitake kuuacha? Jibu lake ni kwamba mara nyingi kumdharau mwingine humfanya mtu ajione bora. Humpatia pa kutupia hasira ambayo hawezi kumwelekezea bosi wake au serikali yake. Pia hulinda nafasi yake katika kugombania ajira, nyumba na heshima.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, yeye na mwenzake James Alan Fox walitoa kitabu juu ya mauaji ya watu wengi kwa mkupuo mmoja. Wakati huo wasomi wengi walikuwa wamezoea kuchunguza mauaji ya mtu mmoja mmoja, kama vile ugomvi wa kilabuni, ujambazi au wivu wa mapenzi. Fox na Levin waliyatazama matukio ambayo muuaji mmoja huangamiza watu wanne au zaidi, wakatafuta mambo yanayofanana. Waliandika pia juu ya wauaji wa mfululizo, yaani wale wanaoua mmoja baada ya mwingine kwa kipindi kirefu.

Mwaka 1987 Levin alichapisha, pamoja na Arnold Arluke, kitabu kuhusu umbea. Mtu anaweza kushangaa mtaalamu wa mauaji anafuata nini kwenye umbea. Lakini aliyeanza kwa kuchunguza maoni ya watu hawezi kuyapuuza maneno wanayopeana juu ya wengine. Jambo hili tutalirudia.

Mwaka 1993 njia hizo zilikutana. Akiwa na Jack McDevitt, alitoa kitabu juu ya uhalifu wa chuki, yaani uhalifu ambao mhanga huchaguliwa kwa sababu ya rangi yake, dini yake, asili yake au kundi lingine analohesabiwa kuwa ndani yake. Mji wa Boston ulikuwa mahali pa kufaa kwa kazi hiyo, ingawa kwa sababu za kusikitisha. Mwaka 1974 mahakama ya shirikisho iliamuru watoto weupe na weusi wachanganywe mashuleni kwa kusafirishwa kwa mabasi, na mji ukakumbwa na mawe, matusi na damu. Mwaka 1978 polisi wa Boston waliunda kitengo maalumu cha kushughulikia makosa ya aina hiyo. Kwa hiyo watafiti walikuwa na kitu adimu katika miji mingi: majalada ya kesi, yaliyoandikwa na wapelelezi waliojua wanachokitafuta.

2. Muuaji si zimwi

Jambo la kwanza tunalojifunza kwa Levin ni kwamba muuaji hafanani na picha tuliyo nayo kichwani. Tunaposikia kwamba mtu ameua familia nzima au wafanyakazi wenzake, mara moja tunasema: huyo alikuwa kichaa, alipandwa na wazimu, si binadamu. Fox na Levin walionesha kwamba katika matukio mengi muuaji hakulipuka ghafla. Alipanga kwa siku nyingi, pengine kwa miezi. Mara nyingi aliwajua waliokufa: mke, watoto, wakubwa wake kazini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na wengi wa wauaji hao hawakuwa wagonjwa wa akili kwa maana ambayo daktari au hakimu angeikubali.

Watafiti hao waliyapanga mambo yanayochangia katika makundi matatu, na mpangilio huo unafaa kukumbukwa.

Kwanza ni yale yanayomwandaa mtu kwa muda mrefu. Hapa kuna kushindwa kwingi kulikorundikana kwa miaka na, zaidi ya hapo, tabia ya kuwatupia wengine lawama. Kila jambo likiharibika kuna mtu mwingine aliyeliharibu. Hajawahi kuwa na sehemu yake.

Pili ni yale yanayochochea, kama vile kufukuzwa kazi, kuachwa na mwenza au kupoteza mali. Wakati mwingine huongezeka mfano wa muuaji mwingine aliyetangazwa sana.

Tatu ni yale yanayorahisisha. La kwanza ni upweke: hana ndugu wala rafiki wa kumwambia, "Hebu kaa chini tuzungumze." La pili ni silaha inayopatikana kirahisi.

Ndugu msomaji, tuyatazame tena mambo hayo. Hakuna hata moja ambalo hatulijui. Kushindwa, lawama, hasara na upweke vimo katika kila kijiji na kila mtaa. Ndiyo maana Levin na Fox wamesisitiza kwamba wauaji wengi, hata wa mfululizo, huonekana watu wa kawaida mno. Majirani hubaki wakisema, "Alikuwa anatusalimia vizuri tu."

Kwa nini basi tunapenda kumwita zimwi? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu jina hilo linatutuliza. Zimwi ni la porini na sisi ni wa nyumbani. Tukishasema muuaji ni kiumbe wa aina nyingine, hatuna tena haja ya kuichunguza mioyo yetu, wala malezi yetu, wala namna tunavyoishi na wapweke waliomo kati yetu. Levin na Fox wamelalamikia pia upande wa pili wa tabia hiyohiyo, yaani kumfanya muuaji nyota: sura yake kila mahali, jina lake midomoni mwa watu, huku wahanga wakibaki tarakimu tu. Anayemwogopa muuaji kama jini na anayemshabikia kama shujaa wanakutana mahali pamoja: wote wawili wamemtoa katika ubinadamu wa kawaida.

3. Mhanga anapogeuzwa kundi

Jambo la pili linahusu uhalifu wa chuki. Levin na McDevitt waliona alama kadhaa zinazoutofautisha na uhalifu mwingine. Mara nyingi washambuliaji hawamjui mhanga. Mara nyingi wanakuja kwa kundi. Ukatili wao hupita kiasi, kana kwamba lengo si kumshinda mtu bali kumfuta. Na alama iliyo nzito kuliko zote ni kwamba mhanga anaweza kubadilishwa na mwingine yeyote wa kundi lake. Huyu asingepita barabara ile jioni ile, angepigwa mwenzake. Kwa hiyo kipigo kinakuwa ujumbe kwa kundi zima: hamtakiwi hapa.

Walipochambua majalada 169 ya polisi wa Boston, waliwagawa wahalifu kwa kuangalia kilichowasukuma. Takribani theluthi mbili walikuwa wanatafuta msisimko. Hawa kwa kawaida ni vijana, wamekaa bila shughuli, wanatoka kwenda kumwinda mtu "tofauti" ili wapate cha kujisifia mbele ya wenzao. Kama robo yao walijiona wanajihami: familia ya rangi nyingine imehamia mtaani, nao wakaona mtaa wao umevamiwa. Asilimia 8 walikuwa wanalipiza kisasi kwa jambo lililotendeka, au lililosemekana kutendeka, ingawa waliyemshambulia hakuhusika. Kundi la mwisho ni la wale wanaojiona wametumwa kuisafisha dunia. Katika majalada yote hayo ilikuwapo kesi moja tu ya namna hiyo.

Takwimu hizi zinashtua kwa namna yake. Tungetarajia kwamba uhalifu wa chuki unafanywa hasa na wafuasi wa itikadi kali, wenye bendera na vitabu vyao. Wapo, na wakitokea huua wengi. Mwezi Juni 2015, katika mji wa Charleston, kijana mweupe aliingia katika kanisa la Waamerika weusi, akaketi nao karibu saa nzima wakijifunza Biblia, kisha akawaua watu tisa. Lakini katika maisha ya kila siku ya mji kama Boston, wengi waliotenda walikuwa vijana wasio na itikadi yoyote ya maana. Walikuwa na muda, walikuwa na kundi, na walikuwa wamekwisha kuambiwa na jamii ni nani anayeweza kuonewa bila gharama kubwa.

Kundi la walipiza kisasi lilijidhihirisha baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Takwimu za FBI zinaonesha kwamba matukio ya chuki dhidi ya Waislamu nchini Marekani yalikuwa 28 mwaka 2000, yakapanda hadi 481 mwaka 2001. Siku nne tu baada ya mashambulizi, huko Mesa, Arizona, aliuawa kwa risasi Balbir Singh Sodhi mbele ya kituo chake cha mafuta. Hakuwa Mwislamu wala Mwarabu. Alikuwa Singasinga, mwenye kilemba na ndevu kama dini yake inavyoagiza. Muuaji aliona kilemba tu. Chuki ya namna hii haina hata adabu ya kumuuliza mtu jina lake.

Boston yenyewe ilikuwa na somo lake la uchungu. Mwezi Oktoba 1989 mwanamume mweupe, Charles Stuart, alipiga simu polisi akisema kwamba yeye na mke wake mjamzito wamepigwa risasi na mtu mweusi. Mke alifariki, na mtoto pia hakuishi. Polisi waliingia mtaa wa Mission Hill wakawasimamisha na kuwapekua vijana weusi kwa wingi. Mwezi Januari 1990, ndugu yake mwenyewe alipofichua ukweli, ilibainika kwamba Stuart ndiye aliyepanga kifo cha mke wake, naye akajitupa kutoka darajani akafa. Mwaka 2023 meya wa Boston aliomba radhi hadharani kwa niaba ya mji. Tujiulize kwa nini uongo ule ulikubalika upesi vile. Ulikubalika kwa sababu picha ya muuaji ilikuwa tayari imechorwa vichwani mwa watu, na Stuart alihitaji kuinyooshea kidole tu. Hapa mafunzo yote mawili yanakutana: zimwi lilitafutwa mtaa wa pili, wakati muuaji alikuwa mume anayefarijiwa na kila mtu.

4. Wanafalsafa wanasemaje?

Zaidi ya karne 23 zilizopita, katika kitabu chake juu ya ufasaha wa hotuba, Aristotle alitofautisha hasira na chuki. Hasira, alieleza, humwelekea mtu fulani kwa jambo alilotenda. Chuki inaweza kulielekea kundi zima. Hasira hupoa kadiri muda unavyopita, lakini chuki haiponi kwa muda. Mwenye hasira anataka aliyemkosea aonje maumivu, ilhali mwenye chuki anataka yule mwingine asiwepo kabisa. Tukiyaweka maneno hayo karibu na majalada ya Boston, tunaona yanalingana. Mhanga anayeweza kubadilishwa na ukatili unaopita kiasi ndiyo sura ya chuki aliyoieleza mwanafalsafa huyo wa Ugiriki.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatupeleka mbele zaidi. Katika Summa Theologiae anaonesha kwamba kila chuki huzaliwa na upendo fulani, kwa kuwa tunakichukia kile kinachopingana na kile tunachokipenda. Mwanzoni fundisho hili linashangaza. Lakini tumtazame yule mhalifu wa Boston anayejiona anajihami. Anapenda mtaa wake, watoto wake, desturi za wazazi wake. Mapendo hayo ni mema. Kosa lake liko katika mpangilio: ameupenda mtaa kuliko haki, na ukoo kuliko binadamu. Ndiyo maana haitoshi kumhubiria mtu aache chuki. Inatupasa tutafute ni upendo gani uliopotoka uliomzalia chuki hiyo, tuuponye.

Katika karne ya 20, Hannah Arendt alihudhuria mjini Yerusalemu kesi ya Adolf Eichmann, mmoja wa waliosimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alieleza kwamba alikutana na mtu wa kawaida, asiyefikiri, anayezungumza kwa maneno ya kukariri. Wasomi wamebishana sana kama alimwelewa Eichmann sawasawa. Hata hivyo onyo lake linabaki: uovu mkubwa hauhitaji mtu mwenye pembe. Unaweza kumtosha mtu aliyeacha kufikiri.

5. Kueleza si kutetea

Hapa lazima tujibu pingamizi. Mtu anaweza kusema: mkishaeleza kwamba muuaji alifukuzwa kazi, alikuwa mpweke, alilelewa katika dharau, si mmemtetea? Mmebakiza nini cha hiari yake na dhambi yake?

Tunajibu kwa kutofautisha sharti na sababu inayolazimisha. Sosholojia inaonesha masharti ambayo chini yake jambo fulani huwa rahisi kutokea. Haisemi kwamba lazima litokee. Kwa kila mtu mmoja aliyepoteza kazi akaua, wako maelfu kwa maelfu waliopoteza kazi wakaenda kulima, wakakopa, wakalia, wakasali. Yule kijana wa Charleston alikaa karibu saa nzima na watu waliomkaribisha. Dakika zote hizo mlango ulikuwa wazi, angeweza kusimama akaondoka. Hiari ya binadamu haifanyi kazi hewani, inafanya kazi katikati ya masharti. Lakini inafanya kazi.

Sheria ya Marekani imepita katika swali kama hilo. Wapo waliosema kwamba kuongeza adhabu kwa uhalifu wa chuki ni kuadhibu mawazo. Mwaka 1993, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Mitchell, majaji wote wa Mahakama Kuu ya Marekani walikubaliana kwamba adhabu inaweza kuongezwa pale mhanga alipochaguliwa kwa sababu ya rangi yake. Kinachoadhibiwa ni tendo la kumchagua mtu na kumdhuru kwa sababu hiyo. Inafaa kujua kwamba katika kesi ile mshtakiwa alikuwa mweusi na mhanga mweupe. Chuki haina kabila lake maalumu.

Siku mbili baada ya mauaji ya Charleston, baadhi ya ndugu wa marehemu walisimama mahakamani wakamwambia muuaji kwamba wanamsamehe. Kesi iliendelea, naye akahukumiwa. Tunaona basi mambo matatu ambayo hayapaswi kuchanganywa: kueleza ni kazi ya akili, kuhukumu ni kazi ya haki, kusamehe ni kazi ya neema. Hakuna moja linaloweza kuchukua nafasi ya lingine.

6. Mafunzo kwetu

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya Boston. Lakini Arusha haiko mbali nasi. Hapo ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Hatusemi kwamba mauaji ya kimbari na uhalifu wa vijana wa mtaani ni kitu kimoja. Yale ya mwaka 1994 yaliandaliwa na kuendeshwa na wenye madaraka, yakachukua mamia ya maelfu ya watu katika muda wa siku mia moja hivi. Ila mlango ulioingiza sumu katika mioyo ya watu wa kawaida unafanana: mtu alipokonywa jina, akapewa jina la kundi, kisha kundi likapewa jina la mdudu. Redio RTLM iliwaita Watutsi mende. Mwezi Desemba 2003 mahakama ile ya Arusha iliwatia hatiani waliohusika na redio hiyo na gazeti la Kangura. Majaji walitambua kwamba maneno yanaweza kuua.

Na hapa hatuwezi kukwepa lililo zito zaidi kwa waseminari. Watu walikimbilia makanisani wakitegemea usalama, wakauawa humohumo. Mwaka 2006 mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani padre aliyehudumu katika parokia ya Nyange kwa sehemu yake katika kuangamizwa kwa waumini waliojificha kanisani, na mwaka 2008 rufaa ikapandisha kifungo chake kuwa cha maisha. Mwezi Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na wana wake, mapadre na watawa wakiwemo. Padre yule alipitia malezi ya seminari kama haya yetu. Alisoma falsafa na teolojia. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kusema kwamba kanzu inatosha kuwa kinga.

Tufanye nini basi? Tunapendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu leo.

La kwanza ni kuuchunguza ulimi. Umbea haumuui mtu siku hiyo, lakini unaweza kumwandalia jina. Seminarini tunaishi watu wa makabila mengi na majimbo mengi, na kati yetu kuna utani. Utani ni hazina ya wazee wetu, na tusiukatae. Lakini una sheria zake. Mpare na Mchaga wanataniana kwa sababu kila mmoja anaruhusiwa kujibu, na mtani anayekucheka leo ndiye atakayekuja msibani kwako kesho kuwachangamsha wafiwa. Tupime maneno yetu kwa kipimo hicho. Je, ninayemcheka anaweza kunijibu bila woga? Je, siku akifiwa nitakuwa wa kwanza kufika? Kama hapana, tunayoyasema si utani tena, ni dharau iliyovaa nguo ya utani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

La pili ni kuwatafuta wapweke. Fox na Levin wanatuonesha kwamba upweke ni kati ya vitu vinavyomrahisishia muuaji njia. Katika parokia zetu jumuiya ndogondogo zinawafahamu watu kwa nyumba zao. Zinajua nani amefukuzwa kazi, nani ameachwa na mkewe, nani hajaonekana mwezi mzima. Tukitumwa huko kwa kazi za kichungaji, tusihesabu michango peke yake. Tumwendee aliyenyamaza. Na tukimkuta analaumu dunia nzima, tumsikilize kwa uvumilivu, kisha kwa upole tumsaidie kuiona pia sehemu yake mwenyewe, kwa maana kitubio chote huanzia hapo.

La tatu ni kuwapa vijana kazi ya kujivunia. Ikiwa theluthi mbili ya wale wa Boston walitafuta msisimko na sifa mbele ya wenzao, basi kijana asiye na shughuli si tatizo la wazazi wake tu. Kwaya, michezo, VIWAWA, kilimo cha pamoja, hata mdahalo mzuri wa hoja, humpa kijana jukwaa la kusifiwa bila kumwumiza mtu.

Hitimisho

Ndugu msomaji, Maandiko Matakatifu yanapoeleza mauaji ya kwanza hayamtaji zimwi. Yanataja ndugu wawili, sadaka mbili na uso uliokunjamana. Kabla ya tendo, Mungu alizungumza na Kaini, akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni na kwamba anaweza kuishinda. Na Bwana wetu, alipoifafanua amri ya kutoua, alianzia kwenye hasira na tusi. Levin hakuandika kama mhubiri, lakini majalada aliyoyapekua yanaelekeza mahali hapohapo: kabla ya silaha kuna neno, na kabla ya neno kuna jicho linaloacha kumwona mtu na kuona kundi.

Kwa hiyo tukisikia habari za muuaji, tusikimbilie kusema kwamba huyo si mtu. Ni mtu. Ndiyo maana ana hatia, ndiyo maana anaweza kutubu, na ndiyo maana sisi nasi tunapaswa kukesha.

Maswali ya kutafakari na kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya sharti na sababu inayolazimisha? Tofauti hiyo inalindaje fundisho la hiari ya binadamu?

2. Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba chuki huzaliwa na upendo. Taja pendo moja jema katika jamii yako ambalo, likikosa mpangilio, linaweza kuzaa chuki.

3. Ni jina gani la dharau juu ya kundi fulani ambalo limezoeleka katika mazingira yako kiasi kwamba hakuna anayelishtukia tena? Utaanzaje kuliondoa?